Maana ya reti nzuri unapotoa pesa ATM nje ya nchi

Mkazi wa Tanga hahitaji kupanda ndege ili ajikute mbele ya mashine inayotoa fedha isiyo ya kwao. Anapanda basi asubuhi, anavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, na mchana yuko Mombasa, ambako kadi aliyopewa na benki ya mjini kwetu inamtolea shilingi za Kenya. Wengine huenda mbali zaidi: wafanyabiashara wa nguo na vipuri wanaokwenda Dubai na Guangzhou, wagonjwa na ndugu wanaowapeleka India, mahujaji wanaokwenda Makka. Kabla ya safari karibu wote huuliza jambo moja, wapi kuna reti nzuri, yaani kiwango kizuri cha kubadilishia fedha. Reti nzuri ni kitu kinachopimika, na mtu akishakijua kipimo chake hadanganyiki kirahisi.

Kipimo hicho ni kiwango cha kati. Siku zote za kazi benki kubwa duniani zinauziana fedha. Ipo bei ambayo ziko tayari kununulia dola na ipo bei ambayo ziko tayari kuuzia. Katikati ya bei hizo mbili ndipo kilipo kiwango cha kati. Ndicho unachokiona ukiandika kwenye simu "dola moja ni shilingi ngapi". Benki Kuu ya Tanzania nayo hutangaza kila siku ya kazi viwango vitatu: cha kununua, cha kuuza na cha wastani. Mtu wa kawaida hauziwi fedha kwa kiwango cha kati, si Tanga wala London, kwa hiyo usikitafute dukani. Kazi yake ni kukupa pa kuanzia hesabu. Tofauti kati ya kiwango cha kati na kile ulichobadilishiwa, ukijumlisha na makato yote, ndiyo gharama halisi uliyolipa. Tofauti ikiwa ndogo, reti ni nzuri. Ikiwa kubwa, ni mbaya, hata kama mhudumu alikuwa mkarimu na risiti imepigwa mihuri mitatu.

Chukua ubao wa duka la kubadilisha fedha. Tuseme umeandikwa kwamba dola wananunua kwa 2,450 na wanauza kwa 2,550 (tarakimu hizi ni za kuhesabia tu, ubao wa leo una zake). Kati ni 2,500. Ukinunua, umeacha pale shilingi 50 kwa kila dola, yaani asilimia 2. Ukirudi safari na dola zilizobaki ukaziuza, unaacha 50 nyingine. Ndiyo maana bango la "hatutozi kamisheni" halikuambii kitu. Kamisheni imo ndani ya pengo la bei hizo mbili, na duka la uwanja wa ndege linaweza kuweka pengo pana sana bila kukutoza kamisheni hata senti moja.

Ukitumia kadi, pesa yako hupita mikono mitatu kabla hujashika noti. Wa kwanza ni mwenye mashine, ambaye anaweza kutoza ada yake. Mashine ikitoza, huionyesha kwenye skrini kabla hujathibitisha. Wa pili ni mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, ambao ndio hubadilisha fedha. Kiwango chao kwa kawaida huwa karibu na kile cha kati, na kila mmoja ana kikokotoo kwenye tovuti yake ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia kuona kiwango cha siku. Wa tatu ni benki yako ya nyumbani, ambayo huongeza asilimia fulani kwa sababu umetoa pesa nje, na mara nyingi ada isiyobadilika juu yake. Benki hutofautiana sana hapa, na hapa ndipo inapofaa kuuliza maswali kabla hujasafiri, si baada ya kurudi na malalamiko. Uliza: mnatoza asilimia ngapi kwa muamala wa nje? Ada ya kila mara ninapotoa ni kiasi gani? Akaunti yangu ni ya shilingi, je, pesa inapita kwanza kwenye dola? Swali la mwisho watu wengi hawalijui. Ukitoa rupia za India kwa kadi ya akaunti ya shilingi, mara nyingi rupia hugeuzwa dola na dola hugeuzwa shilingi, na kila kigeuzo kina pengo lake.

Sasa tuje kwenye skrini yenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi inapovuja bila mwenyewe kujua.

Uko Deira, Dubai, na akaunti yako ni ya dola. Umeingiza kadi, umebonyeza namba ya siri, umechagua dirham 2,000. Mashine haitoi noti bado. Inaleta ukurasa mwingine: dirham 2,000, kiwango 3.45, akaunti yako itakatwa dola 579.71, je, unakubali? Kitufe cha kukubali kinaonekana wazi. Cha kukataa kimeandikwa "Decline", au maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuendelea bila kubadilisha. Kwa herufi ndogo chini ya ukurasa pameandikwa kwamba umepewa hiari na kwamba kiwango hicho kina nyongeza ndani yake. Nyuma yako kuna foleni, na mtu wa tatu ameshaanza kukohoa.

Kinachotokea pale ni kwamba mashine imejitolea kufanya kazi ya mtandao wa kadi. Badala ya dirham kwenda kubadilishwa na Visa au Mastercard, mwenye mashine na kampuni anayoshirikiana nayo wanazibadilisha papo hapo kwa kiwango walichojipangia wenyewe, kisha wanagawana faida. Kwa dirham ni rahisi kuona wamechukua kiasi gani, kwa sababu dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu 1997 kwa 3.6725. Dirham 2,000 ukizigawa kwa kiwango hicho ni dola 544.59. Mashine inataka 579.71. Tofauti ni dola 35.12, zaidi ya asilimia 6, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kiwango cha 3.45 nimekiweka kama mfano, lakini si cha ajabu. Nyongeza za namna hii hukutwa za asilimia chache, na pengine hupita hata 10.

Shangazi mmoja anayeuza mitandio Ngamiani, hapa Tanga, mzoefu wa safari za Dubai kuliko wengi wetu, alinieleza kwa nini yeye hukubali siku zote. "Mwanangu, mashine imenionyesha dola zangu mpaka senti. Nikikataa sijui nitakatwa ngapi. Si bora hicho ninachokijua?" Hoja yake ina uzito. Mwenye mtaji mdogo anaogopa kukatwa kiasi asichokiona, na ana haki ya kuogopa. Walioandika ule ukurasa wanaijua hofu hiyo, ndiyo maana wanakuonyesha tarakimu kamili na kuita huduma hiyo uhakika. Nilimjibu, "Shangazi, kwa dirham hesabu unayo tayari. Gawa kwa 3.67, ongeza asilimia ya benki yako, utajua utakatwa ngapi kabla hata hujaigusa mashine." Mahujaji nao wana wepesi huohuo, kwa kuwa riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986: riyali 3,000 ni dola 800 kamili. Kwa fedha zinazopanda na kushuka kila siku, kama rupia ya India au shilingi ya Kenya, andika kiwango cha kati cha asubuhi hiyo kwenye karatasi au kwenye simu kabla hujatoka hotelini.

Kanuni basi ni fupi: mashine ikikuuliza utozwe kwa fedha ya nchi uliyopo au kwa fedha ya nyumbani, chagua fedha ya nchi uliyopo. Dubai chagua dirham, India rupia, Mombasa shilingi ya Kenya. Wanaokosea hapa mara nyingi hawakosi akili. Wanadhani kukataa kubadilishiwa ni kukataa kupewa pesa, kwamba muamala utafutwa na kadi itamezwa. Sivyo. Ukikataa, mashine huendelea na kukupa dirham zako zilezile 2,000. Kinachobadilika ni nani anayezigeuza kuwa dola. Ikitokea mashine ikakurudishia kadi bila pesa kwa sababu umekataa, nenda mashine ya benki nyingine. Swali hilohilo huulizwa pia kwenye mashine ya malipo dukani na hotelini, na wakati mwingine karani hulijibu kwa niaba yako. Tazama risiti kabla ya kusaini au kuingiza namba ya siri. Ukiona imeandikwa dola au shilingi za Tanzania ilhali bei ilikuwa ya dirham, una haki ya kumwambia afute arudie.

Ipo hasara ya pili ambayo hukasirisha zaidi ukishaifahamu. Benki nyingi hutoza ada ya muamala wa nje hata kama mashine ilikwisha kubadilisha fedha, kwa kuwa muamala umefanyika nje. Hapo umelipia ubadilishaji kwa bei ya juu, na ada ya nyumbani imebaki palepale. Umoja wa Ulaya uliona tatizo hili, na tangu 2020 sheria yake inataka nyongeza hiyo ionyeshwe kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, mteja alinganishe kabla ya kukubali. Kwingineko mteja anabaki na kikokotoo chake.

Kuhusu ada zisizobadilika, hesabu yake ni nyepesi. Thailand, kwa mfano, kwa miaka mingi mashine zilikuwa zikitoza kadi za kigeni baht 220 kila ukitoa, uwe umetoa kidogo au kingi. Ada ya namna hiyo ikigawanywa juu ya kiasi kikubwa haionekani, ikigawanywa juu ya kiasi kidogo inauma. Toa mara chache, kiasi kikubwa unachoweza kukilinda. Nasema unachoweza kukilinda kwa sababu kuokoa ada halafu ukaibiwa bahasha yote haisaidii mtu. Anayeuguza India ajue pia kwamba mashine nyingi huko zina kikomo cha rupia 10,000 kwa mara moja, hivyo bili ya hospitali ilipwe kwa uhamisho wa benki au kadi kaunta, si kwa kurudi mashineni mara kumi.

Je, si nafuu kubeba dola taslimu? Wakati mwingine ndiyo, hasa kama benki yako inakata asilimia kubwa. Lakini hesabu mapengo yote mawili, la shilingi kwenda dola hapa Tanga na la dola kwenda fedha ya huko. Noti ziwe kubwa, mpya na safi, kwani ndogo hubadilishwa kwa kiwango cha chini, na za zamani au zilizochanika hukataliwa. Kwa safari ya Mombasa kupitia dola ni kujiumiza mara mbili; badilisha shilingi kwa shilingi moja kwa moja, kwenye duka lenye leseni, si kwa kijana wa mpakani anayehesabu noti upesi kuliko macho yako. Hadi 1966, mwaka ambao Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa fedha zao, aliyetoka Tanga kwenda Mombasa alikuwa na shilingi ileile ya Afrika Mashariki mfukoni, na fedha mpya zilianza zikiwa sawa kwa sawa. Leo shilingi moja ya Kenya huchukua za kwetu kumi na kadhaa hadi ishirini, na pengo la kununua na kuuza limekaa pale barabarani.

Ukisharudi, fanya hesabu moja kwenye taarifa ya akaunti. Chukua jumla yote iliyokatwa, pamoja na ada, uigawe kwa fedha uliyoshika mkononi. Tuseme akaunti ya shilingi ilikatwa 1,430,000 kwa dirham 2,000: umelipa shilingi 715 kwa dirham. Kama siku ile dola ilikuwa 2,500, kiwango cha kati cha dirham kilikuwa kama 681. Umelipa karibu asilimia 5 juu yake. Fanya hivyo kwa kadi ya benki moja, mwenzako afanye kwa ya benki nyingine, mkalinganishe. Na kama kadi yenyewe ni ya mkopo, kumbuka kwamba pesa taslimu inayotolewa kwayo huanza kuhesabiwa riba siku ileile ilipotoka, tofauti na manunuzi, kwa hiyo asilimia hiyo itaendelea kukua mpaka utakapoilipa.