Vumbi likitua, si lazima hewa iwe safi

Wagonga kokoto wengi hapa Dodoma huamini kuwa kinachodhuru ni lile wingu la vumbi. Likishatua, hewa ni safi. Ni imani inayoeleweka, maana jicho ndicho kipimo tulicho nacho.

Lakini chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazizidi sana mikroni 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele ni kama mikroni 70. Zilizo ndogo zaidi huelea kwa saa kadhaa. Na mawe yetu ya graniti yana madini ya kwatzi, ambayo vumbi lake huacha makovu mapafuni.

Ndiyo maana watafiti wa afya humfunga mfanyakazi pampu ndogo ya kuvuta hewa mkandani. Mpira hupanda mgongoni hadi kwenye kola, karibu na pua, penye kichujio kilichopimwa uzito kabla ya zamu. Zamu ikiisha, hupimwa tena; uzito ulioongezeka ni vumbi lililonaswa. Pampu iliyowekwa pembeni haivuti hewa anayoivuta yeye.

Jaribu mwenyewe: giza likiingia, washa tochi kibandani, utazame mwale kwa ubavuni. Kesho lowesha jiwe kabla ya kugonga, kisha urudie. Usipoona kitu, bado si uthibitisho kwamba hewa ni salama.