Galileo hakubuni darubini

Watu wengi hudhani darubini ilibuniwa na Galileo. Sivyo. Mnamo Oktoba 1608 fundi miwani Hans Lipperhey aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya chombo hicho kule The Hague, Uholanzi, akanyimwa kwa kuwa wengine nao walidai kukijua na kilikuwa rahisi kuigwa. Mwingereza Thomas Harriot naye aliuchora Mwezi kwa kutumia darubini katikati ya 1609, miezi kadhaa kabla ya Galileo.

Galileo, akifundisha Padua, Italia, alisikia habari za darubini tu, akajitengenezea yake. Ya kwanza ilikuza kama mara 3. Akaendelea kusugua lenzi mpaka akafikia mara 20 hivi. Hapo ndipo penye sifa yake, nami naiona kubwa kuliko ile anayopewa bure. Tarehe 7 Januari 1610 aliona nyota ndogo tatu kando ya sayari ya Mshtarii, mbili mashariki, moja magharibi. Usiku uliofuata zote tatu zilikuwa magharibi. Akazichora usiku baada ya usiku, ya nne ikajitokeza, ndipo akang'amua: hii ni miezi, na haiizunguki Dunia.