Khartoum: mji wa mito miwili tunaoudhania vibaya

Sisi tuliokulia kandokando ya Ziwa Victoria tumezoea kusema kwamba watu wa Khartoum wanakunywa maji yetu. Ukweli upo kidogo. Maji yanayotoka ziwani pale Jinja hushuka mpaka Sudan kwa jina la Nile Nyeupe, yakakutana na Nile ya Buluu mahali panapoitwa Mogran, katikati ya miji mitatu iliyoungana: Khartoum, Omdurman na Bahri. Ila mengi tunayoyasema juu ya mji huo ni ya kubahatisha, na mengine yanatuzuia kuzielewa shida za wenyeji wake.

“Penye mto mkubwa hapakosi mvua”

Dhana hii tumeitoa nyumbani. Kwetu ziwa huzaa mawingu, na usiku radi husikika juu ya maji. Khartoum ina mito miwili, na bado mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 120 hadi 160 tu, karibu yote ikinyesha kati ya Julai na Septemba. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Mto ni ukanda mwembamba wa maji katikati ya nchi kavu. Mvuke wake humezwa na hewa kabla haujawa wingu. Mvua ya Khartoum huletwa na pepo zenye unyevu zinazopanda kutoka kusini katikati ya mwaka, na zikifika huko zimekwisha nguvu. Mwezi Aprili unyevu wa hewa huwa chini ya asilimia 20.

Ukavu huo wenyeji wamejua kuutumia. Mbele ya nyumba na misikiti, chini ya kivuli, utakuta mitungi mikubwa ya udongo, wenyewe wanaiita zir, na kikombe cha kuchotea. Maji hupenya kidogokidogo mpaka mtungi unatoa jasho kwa nje. Hewa kavu inalikausha jasho hilo, nalo linaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mpita njia anakata kiu kwa maji baridi, bila umeme na bila kulipa. Mtungi huohuo ukiuweka Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu tayari, hautapoza kiasi hicho.

“Nile ni maji ya Ziwa Victoria”

Nile Nyeupe inapovuka kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, hupoteza takriban nusu ya maji yake kwa mvuke. Nile ya Buluu inatoka Ziwa Tana na milima ya Ethiopia, na ukijumlisha mito yote ya Ethiopia unapata kama asilimia 85 ya maji yanayofika Misri. Agosti mto huo wala si wa buluu: ni wa kahawia, mzito kwa udongo, na unakuja kwa nguvu ya kuisukuma Nile Nyeupe irudi nyuma. Hata hivyo tusijidharau. Miezi ya ukame, Nile ya Buluu inapopungua sana, Nile Nyeupe huendelea kutiririka bila kubadilika sana, na ndiyo inayoushika mto usikauke.

“Jangwani hakuna mafuriko”

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu wamekufa nalo. Mafuriko ya 1946, 1988 na 2020 yanakumbukwa mpaka leo. Agosti 1988 ilinyesha takriban milimita 200 ndani ya siku moja, kuliko wastani wa mwaka mzima. Septemba 2020 Nile ya Buluu ilipita mita 17.5 kwenye kipimo cha Khartoum, kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa kwa zaidi ya miaka 100, na serikali ikatangaza hali ya hatari kwa miezi 3.

Na si mto peke yake. Nyumba nyingi za pembezoni zimejengwa kwa udongo mtupu. Udongo huo ni mzuri sana wakati wa joto, kwani ndani hubaki na ubaridi, lakini ukilowa siku mbili tatu mfululizo ukuta unalainika kutoka chini na paa linashuka. Ardhi nayo ni ngumu, haimezi maji upesi. Kwenye kisiwa cha Tuti, kati ya mito hiyo miwili, wakazi wenyewe hukesha kwa zamu kando ya maji msimu wa mafuriko, na mto ukianza kula ukingo wanaitana kuja kujaza viroba vya mchanga.

“Haboob ni upepo wa Sahara”

Haboob, yaani dhoruba ya vumbi, ni mtoto wa mvua. Wingu la radi likinyesha juu ya hewa kavu, matone mengi hukauka kabla hayajagusa ardhi. Hewa hiyo inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka na kutapakaa kwa kasi, ikisukuma mbele yake ukuta wa vumbi unaoweza kufika kilomita moja kwenda juu. Ndiyo maana hauji Januari; unakuja mawingu yanapoanza, kuanzia Mei.

“Mwenye mto mlangoni hakosi maji”

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, kituo kikubwa cha kusafisha maji cha Bahri kilisimama karibu mara moja. Mei 2025 droni zilipiga vituo vya umeme, pampu zikazimika, na kipindupindu kikasambaa. Familia zinazouona mto kutoka dirishani zilikuwa zikichota maji machafu ukingoni kwa madumu, au zikimsubiri mwenye kigari cha punda apite na pipa lake, zinunue.