Joto la kaskazi, maji ya tanki na mwili wako

Kuanzia Desemba hadi Machi, msimu wa upepo wa kaskazi, watu wa Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hunywa maji kwa wingi, na ndipo maji ya akiba nyumbani huharibika upesi.

Dodoma nyuzi 32, Dar nyuzi 32. Mbona Dar ndiko tunakotaabika zaidi?

Ni unyevu wa hewa. Jasho likitiririka tu halipozi chochote. Hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Pwani wakati wa kaskazi hewa imeshajaa mvuke, kwa hiyo jasho linaishia kulowesha shati na mwili unabaki na joto lake. Usitazame namba ya nyuzi peke yake.

Tanki langu jeusi liko juu ya paa. Mchana maji yanatoka ya moto. Si vijidudu vimeshakufa?

La. Maji hayo ni vuguvugu tu, na bakteria wengi hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 45, yaani joto hilohilo la tanki. Isitoshe, klorini iliyotiwa na mamlaka ya maji hupungua nguvu haraka maji yakipata joto. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yachote kwa kata yenye mpini au yamimine. Mkono uliozama ndani ya ndoo hurudisha uchafu uliochomea mkaa kuuondoa.

Lakini tulifundishwa kwamba jua husafisha maji ya kwenye chupa.

Ni kweli, ila hapo kinachoua zaidi ni mionzi ya jua. Chupa iwe ya plastiki angavu isiyo na rangi, maji yasiwe na tope, ilazwe kwenye jua kali kwa saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2. Tanki jeusi huzuia mionzi na kubakiza joto, kwa hiyo unapata hasara bila faida.

Dereva wa bodaboda au fundi ujenzi anywe kiasi gani?

Anayefanya kazi juani anywe kama glasi moja kila baada ya dakika 20, bila kungoja kiu. Mkojo utakwambia: ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu si badala ya maji, hata viwe baridi kiasi gani. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, amuulize daktari wake kiasi kinachomfaa.

Nitajuaje kwamba joto limemzidi mtu?

Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza na jasho jingi ni hatua ya kwanza. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, anywe maji kidogo kidogo.

Akianza kuongea ovyo, kupata degedege au kuzimia huku mwili umefika nyuzi 40 au zaidi, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Wengi hudhani ni malaria imempanda kichwani, wanamfunika kanga na kumpa panadol. Dawa hiyo haishushi joto la aina hii, na kumnywesha asiyejitambua kunaweza kumpalia. Mmwagie maji mwili mzima hapohapo, mpepee kwa nguvu, na uendelee kufanya hivyo njiani kuelekea hospitali. Kipimo cha malaria kitafanyika huko.

Mtoto wa miezi mitatu naye apewe maji kidogo?

Hapana, hata siku ya joto kali. Chini ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji.