Mdoli wa Kasa na Mnyama Mwenyewe

Midoli laini ya kasa inayouzwa madukani mara nyingi huchanganya wanyama wawili katika mwili mmoja: gamba lililoinuka na miguu mifupi ya kobe wa nchi kavu, kisha rangi ya buluu na jina la mnyama wa baharini. Mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze jambo kutokana na mdoli huo aanze na miguu. Kobe ana miguu minene ya kubebea mwili mzito juu ya ardhi, ilhali kasa ana mapezi marefu ya kuogelea, na hawezi kuficha kichwa wala mapezi hayo ndani ya gamba kama kobe afanyavyo.

Ipo pia midoli ambayo gamba lake huvuliwa na kuvishwa tena. Kwa mnyama halisi jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa mbavu na uti wa mgongo vimeungana na gamba na kuwa kitu kimoja. Kulibandua ni kumuua. Na ule mdoli unaotabasamu kwa meno, ambao watoto huupenda sana, umekosewa kabisa: kasa hana jino hata moja. Ana mdomo mgumu, ambao ng'amba, mmoja wa aina za kasa, huutumia kunyofoa sifongo kwenye matumbawe, na kasa wa kijani aliyekomaa huutumia kukata nyasi za baharini.

Hao wawili ndio wanaotaga zaidi katika fukwe za Tanzania na Kenya. Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja na kurudi baharini bila kuyaatamia. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia, ambapo mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi. Kasa wa kijani huchukua miongo kadhaa kukomaa, kwa hiyo jike mmoja aliyekufa nyavuni ni hasara isiyozibika upesi.

Nyama ya kasa nayo inaweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwezi Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki Pemba baada ya kuila, na wengine wengi walilazwa hospitalini.

Mtoto aliyezoea mdoli huenda akaomba kobe wa kufuga nyumbani. Hapo mzazi ajue kwamba kobe na kasa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela wakiwa wanaonekana wazima kabisa, na ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa wale wenye gamba lisilofikia takriban sentimeta 10, kwani watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Kuna pia kobe bapa wa miamba, anayeishi Tanzania, Kenya na sehemu ndogo ya Zambia, ambaye gamba lake jembamba hupindika kidogo na kumwezesha kujipenyeza kwenye nyufa za mawe. Umbo hilo la ajabu limewavutia wafugaji wa ng'ambo kiasi cha kumhatarisha, kwani yeye hutaga yai moja tu kwa kawaida. Mwaka 2019 aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, hatua inayozuia biashara ya kimataifa ya kobe hao wanaokamatwa porini.