Je, wajua kwa nini hati ya mahakama peke yake haitoshi kumwandika mtu aliye hai?

Siku hizi huhitaji kufahamiana na karani ili usome hukumu. TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya zimeweka maelfu ya hukumu mtandaoni, bure. Hata hivyo Wikipedia ya Kiingereza inawakataza waandishi wake kutegemea mwenendo wa kesi na nyaraka nyingine za mahakama kuthibitisha jambo linalomhusu mtu aliye hai. Kwa nini, ilhali karatasi ina muhuri wa mahakama?

Muhuri unathibitisha kwamba hati imepokelewa, hauthibitishi kwamba yaliyomo ni kweli. Hati ya madai ni maneno ya upande mmoja. Hati ya kiapo nayo hujibiwa kwa kiapo kinzani, na wote wawili wameapa. Isitoshe, sheria huwapa kinga wanaosema mahakamani wasije wakashtakiwa kwa kashfa, ili waseme bila woga. Ndiyo maana jalada linaweza kubeba tuhuma ambazo msemaji asingethubutu kuzitoa barazani. Ukiinyofoa moja na kuiandika kama habari iliyothibitika, usitarajie kinga ile ikufuate.

Halafu kesi hutembea. Januari 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, walithibitisha mashtaka, yaani waliona yanatosha kufikishwa kwenye kesi, dhidi ya Uhuru Kenyatta na William Ruto kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007. Desemba 2014 mwendesha mashtaka aliyaondoa mashtaka ya Kenyatta kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Aprili 2016 kesi ya Ruto nayo ikasitishwa, lakini majaji hawakutamka kwamba hana hatia. Waliacha mlango wazi wa kushtakiwa upya. Anayesoma uamuzi wa 2012 pekee atapotosha. Anayeruka hadi 2016 na kuandika kwamba Ruto alishinda kesi, naye atapotosha.

Mahakama zetu zina mitego kama hiyo. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka akisema hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa huachiwa, lakini bado anaweza kukamatwa na kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Hukumu ya Hakimu Mkazi inaweza kutenguliwa Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikasema lake. Na majina? Jalada halina picha, na akina Juma Hamisi ni wengi mno.

Kazi ya kuunganisha vipande hivi ndiyo Wikipedia inayotaka ifanywe kwanza na mwandishi wa habari mwenye mhariri juu yake, aliyewasikiliza pande zote. Binafsi naona udhaifu hapa: magazeti yetu hupenda siku ya pingu kuliko siku ya rufaa. Mtu hupambwa ukurasa wa mbele akikamatwa, akiachiwa anapata aya mbili ndani, au hapati kabisa.

Hati haitupwi moja kwa moja, lakini. Chanzo cha kuaminika kikishaizungumzia kesi, Wikipedia huruhusu hati itumike kujazia, mathalani kupata maneno kamili ya jaji. Tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani na usajili wa gari, hata vikiwa wazi ndani ya jalada, havichukuliwi humo.