Kichocho kinapandishaje presha ya mapafu?

Kipimo cha mkononi kikisoma 120 kwa 80, wengi huamini presha ya mwili mzima iko sawa. Sivyo. Mashine ile hupima damu inayosukumwa na upande wa kushoto wa moyo. Upande wa kulia una njia yake ya kupeleka damu mapafuni, na presha ya njia hiyo haionekani mkononi hata kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya, wastani wake ni karibu milimita 14 za zebaki. Ukizidi 20 mtu akiwa amepumzika, hiyo ndiyo presha ya mapafu. Eko ya moyo, yaani kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, huonyesha dalili zake. Kuithibitisha kunahitaji mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Ndiyo maana mtu anayehema akipanda ngazi na kuvimba miguu anaweza kuambiwa presha yake ni nzuri.

Chanzo kikuu cha presha ya mapafu ni maradhi ya upande wa kushoto wa moyo, kisha magonjwa sugu ya mapafu. Damu iliyoganda mapafuni, VVU, selimundu na tundu la moyo la kuzaliwa nalo pia vimo. Lakini kando ya Ziwa Victoria kuna kingine cha ajabu: kichocho cha tumbo.

Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na jike hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine hubebwa na damu hadi kwenye ini na kuliachia makovu. Fikiria kifumbu cha kuchujia tui. Kikiwa kizima, machicha hubaki ndani. Kikiziba, tui hupanda, humwagika ukingoni na kuingia sufuriani pamoja na machicha. Ini lililojaa makovu hufanya vivyo hivyo: damu hutafuta vichochoro vya pembeni, na mayai hupita humo hadi mapafuni. Huko hukwama kwenye mishipa midogo, mwili huyazungushia uvimbe, njia husinyaa. Moyo wa kulia, wenye ukuta mwembamba, hulazimika kusukuma kwa nguvu usiyoizoea, hutanuka, kisha huchoka.

Hata hivyo mayai hayaelezi kila kitu, kwani kuna wagonjwa ambao mapafu yao hayakukutwa nayo. Presha ya mshipa wa ini yenyewe nayo huchangia. Tena wengi wenye kichocho hawafiki huko. Walio hatarini ni wale ambao ini limeshaharibika na bandama imevimba. Hao wakianza kuhema, wapimwe eko. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo, lakini haiondoi makovu yaliyokwisha kujengeka.